Rivolva ya Bei Nafuu: Je, Hutii Amri Zote Mbili?

Silaha ya kiunoni ni chombo cha ajabu. Thamani yake haijulikani siku inaponunuliwa, bali siku inapohitajiwa. Yaweza kulala ndani ya mfuko wake miaka kumi pasipo kulia hata mara moja nje ya uwanja wa shabaha, kisha ikaitwa kazini kwa muda wa sekunde tatu tu. Ndani ya sekunde hizo hamna nafasi ya kumwita fundi, wala ya kumlaumu muuzaji, wala ya kukumbuka fedha zilizookolewa dukani.

Ndiyo sababu tumeona vema leo kulijadili swali ambalo askari wenzetu wa jeshi na polisi hapa Kigali hutuuliza, nao huulizwa na jamaa zao: Je, rivolva za bei nafuu, kama zile zitengenezwazo Brazil na Ufilipino, zinategemeka kiasi cha kununuliwa? Au heri mtu ajinyime mpaka apate fedha za kununua zile zenye majina makubwa?

Swali hili ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa neno moja. Anayesema "rahisi yote ni mbovu" amekosea. Anayesema "bastola ni bastola" amekosea zaidi.

NANI HASA MNUNUZI?

Kwanza tuondoe utata. Askari aliye kazini hanunui silaha yake. Hupewa ghalani, huitilia saini, na huirudisha. Wala haruhusiwi kujiongezea nyingine ya pembeni, hata akiwa katika ulinzi wa amani ng'ambo, mahali ambapo silaha huweza kuuzwa kwa siri kama bidhaa yoyote ya magendo. Silaha ya namna hiyo si rahisi hata ikitolewa bure, maana bei yake halisi hulipwa mahakamani.

Hata hivyo wako wanunuzi halali. Yuko ofisa ugavi anayetayarisha zabuni ya idara. Yuko pia raia, pengine askari mstaafu, aliyepewa kibali kwa mujibu wa sheria za nchi. Itifaki ya Nairobi, ambayo Rwanda na nchi jirani ziliitia saini tarehe 21 Aprili 2004, imewakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia risasi zenyewe. Kwa hiyo bastola ni miongoni mwa silaha chache ambazo raia aweza hata kuzifikiria, na kibali kwanza.

Raia huyo anapotaka ushauri, mtu wa kwanza kumwendea ni askari amjuaye. Askari akimjibu kwa ushabiki wa majina, au kwa kusikia tu, si ajabu siku moja akaitwa kushuhudia matokeo ya jibu lake: bastola iliyogoma mbele ya jambazi, au iliyolia yenyewe mbele ya mtoto.

AMRI MBILI

Wengi hudhani silaha ya kutegemewa ni ile inayolia kila kifyatulio kinapovutwa. Hiyo ni nusu tu ya maana. Askari mwema hutii amri mbili: amri ya kupiga na amri ya kutulia. Anayetii ya kwanza na kuivunja ya pili hafai kupewa lindo. Silaha nayo ni vivyo hivyo. Ni lazima ilie inapoamriwa, na ni lazima inyamaze isipoamriwa, hata ikianguka ngazini, hata nyundo yake ikigongwa na mlango wa gari.

Tukilifahamu hilo, tutaepuka kosa moja kubwa la hoja. Tarehe 6 Septemba 1901, katika mji wa Buffalo, Rais William McKinley wa Marekani alipigwa risasi kwa rivolva ya Iver Johnson iliyonunuliwa kwa dola 4 na nusu, naye akafariki siku 8 baadaye. Tarehe 30 Machi 1981, mjini Washington, rivolva ya RG-14, miongoni mwa zile duni kabisa sokoni, ilitoa risasi zake zote 6 katika muda usiofika sekunde 2, ikamjeruhi Rais Ronald Reagan na watu wengine 3. Wako wanaotaja mifano kama hii kusema, "Mnaona? Ya rahisi nayo hufanya kazi."

Hoja hiyo haina msingi. Mhalifu anahitaji bastola itii amri moja, siku moja. Mlinzi anahitaji itii amri mbili, kila siku, kwa miaka ishirini. Bastola inayoweza kuua si lazima iwe bastola ya kutegemewa.

USHAHIDI WA HISTORIA

Historia ya rivolva za kijeshi inaonyesha wazi kwamba bei na jina havitoshi kutuambia ni ipi itakayotii. Tuchukue mifano minne.

Mwaka 1932 jeshi la Uingereza lilipokea rivolva iitwayo Enfield Namba 2. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na viwanda vikihimizwa kuharakisha kazi, lilitolewa toleo lililoondolewa kizuizi cha usalama cha nyundo. Kipande kimoja kidogo kilipunguzwa, muda ukaokolewa, gharama ikashuka. Toleo hilo lilipiga sawasawa na ndugu zake. Lakini likiangukia nyundo likiwa na risasi, lingeweza kulia bila mtu kuligusa. Baada ya vita, karibu silaha zote za toleo hilo zilirudishwa kwa mafundi na kutiwa kizuizi kile kile kilichoondolewa. Huo ndio urahisi mbaya: urahisi unaokata kile ambacho jicho halikioni.

Wakati wa vita hivyo hivyo, kampuni ya Webley ya Birmingham ilikuwa ikitengeneza rivolva ambazo wazee wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walizifahamu viunoni mwa maofisa wa Kiingereza. Hapakuwa na muda wa kuzisugua mpaka zing'ae, nazo zikatoka na alama za tupa juu ya chuma. Kampuni, kwa kuchelea jina lake lisiharibike, ikazipiga chapa ya kueleza kwamba huo ni umaliziaji wa wakati wa vita. Ndani, mitambo yake ilikuwa timamu. Huo ndio urahisi mwema: urahisi unaokata urembo na kuacha uti wa mgongo.

Mfano wa tatu ni onyo kwa wapenda majina. Smith & Wesson wa Marekani, ambao hakuna awaitaye watengenezaji duni, walitoa kwa ajili ya vita hivyo rivolva ya Victory. Mwaka 1944 moja kati ya hizo iliangukia sitaha ya chuma ya meli, ikalia, ikamwua baharia. Kampuni haikubisha. Ilibuni kizuizi kipya cha nyundo na kukitia katika silaha zilizofuata. Jina kubwa halikumwokoa baharia yule. Kilichowaokoa waliokuja baada yake ni kipande cha chuma.

Mfano wa nne huwashangaza wengi. Iver Johnson, kampuni ile ile ya rivolva ya dola 4 na nusu, tangu miaka ya 1890 ilikuwa ikitia katika silaha zake kipande kidogo kinachosimama kati ya nyundo na pini. Kifyatulio kisipovutwa mpaka mwisho, kipande hicho hakipandi, na nyundo haiwezi kuifikia pini hata igongwe vipi. Kampuni ilijivuna katika matangazo yake kwa kuonyesha nyundo ya bastola ikigongwa kwa nyundo ya seremala. Sturm, Ruger, kampuni yenye heshima kubwa, iliingiza mpango wa namna hiyo katika rivolva zake za kukoka kwa mkono mwaka 1973. Kwa jambo hili, maskini alimtangulia tajiri kwa miaka zaidi ya sabini.

CHUMA NA CHAPA

Ikiwa bei si kipimo, basi kipimo ni nini? Cha kwanza ni madini yenyewe. Rivolva mbovu kuliko zote za karne iliyopita ziliundwa kwa kumimina aloi ya zinki katika kalibu. Aloi ya namna hiyo huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 390 za Selsiasi, hali chuma cha pua huhitaji zaidi ya 1,400. Mashimo na meno yaliyochongwa katika madini laini hulika upesi. Marekani ilizuia bastola ndogo duni zisiingizwe kutoka nje kwa sheria ya mwaka 1968, na baadhi ya majimbo yake, kama Illinois, yakaweka kiwango cha chini cha joto la kuyeyukia, kiasi cha nyuzi 427. Ni sheria ya ajabu, lakini ina hekima: walioitunga hawakuuliza bei wala jina, waliuliza madini.

Rivolva za kawaida za siku hizi kutoka Taurus na Rossi wa Brazil, au Armscor wa Ufilipino, hazimo katika kundi hilo la zinki. Viunzi vyake kwa kawaida ni vya chuma cha pua. Unafuu wake hutokana zaidi na saa za fundi zilizopunguzwa: kusugua, kulainisha kifyatulio, kulinganisha sehemu kwa mkono. Matokeo yake, mbili zilizotoka kiwandani siku moja zaweza kutofautiana, hii njema na ile yenye kasoro. Kwa hiyo asiyezikagua anacheza kamari, na anayezikagua ananunua.

Kipimo cha pili ni chapa ya jaribio. Wabelgiji, waliotawala Rwanda hadi tarehe 1 Julai 1962, wana mji wa Liège, ambao mafundi wake wamefua silaha kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 mji huo uliijaza dunia rivolva ndogo za bei ya chini. Hata hivyo ni Liège hiyo hiyo iliyokuwa na amri ya kujaribiwa mitutu tangu mwaka 1672, na herufi ELG zilizopigwa ndani ya duara la mviringo zikawa shahada yake. Mwaka 1914 ilianzishwa tume ya kimataifa ya kusimamia majaribio hayo. Kwa kanuni zake, bastola hupigwa kwa risasi za majaribio zenye msukumo unaozidi kiwango cha juu kwa asilimia 30.

Lakini tusiipe chapa hiyo sifa isiyokuwa yake. Inathibitisha kwamba silaha haikupasuka. Haithibitishi kwamba springi zake zitadumu, wala kwamba silinda itasimama mahali pake baada ya risasi elfu moja. Chapa ni cheti cha kuzaliwa, si cheti cha tabia.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI

Sifa ya rivolva ni wepesi wa mpango wake. Kifyatulio kikivutwa, ulimi wa chuma huisukuma silinda izunguke. Kufuli huishika silinda pale chumba cha risasi kinapolingana na mtutu. Kisha nyundo huanguka. Risasi moja ikikataa kuwaka, mpigaji huvuta tena na kuendelea na inayofuata. Lakini tusidanganyike: rivolva ikikwama kwelikweli, mara nyingi haikwamuliwi kwa mikono mitupu. Inadai fundi. Ndiyo sababu kasoro zake zitafutwe kabla, si baada.

Fundi silaha yeyote aweza kufanya ukaguzi ufuatao, na ofisa ugavi aweza kuusimamia. Kabla ya yote, silaha ifunguliwe, vyumba vyote vitazamwe na kuguswa kwa kidole, na risasi ziondolewe chumbani kabisa.

Kwanza, nyundo ikokwe polepole kwa kila chumba, kimoja kimoja. Silinda isikike imefungwa na kufuli kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Chumba kimoja tu kikichelewa, silaha irudishwe. Risasi ikiondoka katika chumba kisicholingana na mtutu, hukwaruzwa pembeni, na vipande vya risasi vyaweza kumrukia aliyesimama kando.

Pili, nyundo ikiwa imekokwa, kidole gumba kiisukume mbele kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mazungumzo ya bei yaishie hapo.

Tatu, nafasi kati ya silinda na mtutu ipimwe kwa geji ya mabamba membamba. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni njema. Ikipita 0.3, gesi na cheche huruka pembeni kupita kiasi. Silinda isukumwe pia mbele na nyuma; isicheze kama jino bovu.

Nne, ithibitishwe kwamba kizuizi cha nyundo au kile kipande cha kati kimo na kinafanya kazi. Silaha isiyokuwa nacho isinunuliwe kwa ajili ya kubebwa, hata kama ilikuwa ya jenerali.

Tano, risasi zilingane na silaha. Hapa ndipo wanunuzi wa silaha kuukuu hunaswa. Rivolva nyingi za Waingereza za .38 hazikuundwa kwa risasi ya .38 Special inayouzwa leo kila mahali. Ganda la .38 Special ni refu zaidi, na kichwa chake ni chembamba kidogo. Baadhi ya silaha hizo zilitobolewa upya baada ya vita ili ziipokee, na matokeo yake maganda huvimba na kupasuka. Jina ".38" likifanana, isidhaniwe kuwa risasi ni ile ile.

Mwisho ni uwanja wa shabaha. Jimbo la California, tangu mwaka 2001, limedai bastola tatu za kila aina zipige risasi 600 kila moja, zile 20 za mwanzo bila kasoro yoyote na zote kwa jumla bila kuzidi kasoro 6, kisha ziangushwe kutoka kimo cha mita 1 juu ya zege bila kulia. Mnunuzi wetu hana fedha za risasi 600. Lakini 200, za aina ile ile atakayoibeba, hazina badala. Rivolva itakayokataa zaidi ya mara moja kwa kosa lake yenyewe, isivuke lango.

HESABU YA MWENYE BUSARA

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kosa la wanunuzi wengi si kununua cha bei nafuu, bali ni kutumia fedha zote katika chuma na kusahau vilivyobaki. Bei ya silaha ina mafungu manne: silaha yenyewe, risasi za kuijaribu na za mazoezi, mfuko imara pamoja na sanduku la kufungia, na fundi wa kuikagua kila mwaka. Aliyenunua rivolva ya fahari kisha akakosa risasi za mazoezi ana pambo. Aliyenunua ya nafuu, akaikagua na kuizoea, ana silaha.

Iko pia njia ya tatu, isiyotajwa sana. Idara nyingi za polisi ulimwenguni ziliacha rivolva na kuchukua bastola za magazini. Polisi wa New York, kwa mfano, walianza kuruhusiwa mwaka 1993. Rivolva zao za kazini, nyingi zikiwa za Smith & Wesson Model 10, zilibebwa sana na kupigwa kidogo. Iliyotunzwa, ikapita ukaguzi tulioueleza, mara nyingi humshinda mpya asiye na sifa kwa fedha zile zile.

JIBU LETU

Basi tulijibu swali bila kuzunguka. Ndiyo, rivolva ya bei nafuu yaweza kununuliwa, iwapo ni ya chuma cha pua, ina chapa ya jaribio inayotambulika, ina kizuizi cha nyundo, imepita ukaguzi wa fundi chumba baada ya chumba, na imetii risasi 200. Likikosekana moja kati ya hayo, jibu ni hapana, hata bei iwe nusu, hata jina liwe kubwa. Na kwa idara inayonunua nyingi, ukaguzi usiwe wa sampuli moja iliyoletwa na muuzaji juu ya meza. Uwe wa kila silaha, kwa kuwa kila silaha itakabidhiwa mtu mmoja mwenye roho moja.

Baada ya hapo iko chapa ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuiacha nje. Itifaki ya Nairobi inataka kila silaha iwe na namba yake na jina la mtengenezaji, na inapoingia nchini ipigwe alama ya nchi iliyoiingiza na mwaka. Silaha isiyokuwa na alama haina mzazi, na isiyokuwa na mzazi haina wa kuiwajibikia. Katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na ambayo usalama wake umejengwa kwa subira na nidhamu, hakuna punguzo la bei linalohalalisha silaha ya namna hiyo kukaa nyumbani mwa mtu.

Ndugu askari, utakapoulizwa tena na jamaa yako kama ile ya rahisi inafaa, usimwulize ni shilingi au faranga ngapi. Mwulize kwanza kibali kiko wapi. Kisha mwambie ailete kwa fundi ikiwa tupu, ithibitishwe kama inatii amri ya kupiga na kama inatii amri ya kutulia. Itakayoshindwa moja isikabidhiwe lindo la nyumba ya mtu yeyote.